Kosa la Kitenzi: Pioni, Karabai na Chumvi ya Uvinza

Kazi iliyonipeleka Ujiji haikuwa ya fizikia. Nilikwenda kukusanya maneno ya uvuvi wa usiku, yaani majina ya nyavu, ya taa na ya sehemu za mitumbwi, kabla baadhi yake hayajapotea pamoja na vyombo vyenyewe. Siku ya tatu, jioni, mwalimu mmoja wa fizikia wa shule ya sekondari alinijia mahali nilipofikia, mkononi ana karatasi mbili zilizoandikwa kwa kalamu. Ilikuwa tafsiri yake mwenyewe ya maelezo mafupi kuhusu pioni zenye chaji zipatikanazo viini vizito vya atomu vinapogonganishwa, aliyowatayarishia wanafunzi wa klabu ya sayansi. Masomo yao huendeshwa kwa Kiingereza, lakini klabu huzungumza Kiswahili, na mwalimu alikuwa ameona kwamba mengi yasiyoeleweka darasani hueleweka klabuni. Hakuja kutaka sifa. Alikuja kwa sababu mwanafunzi mmoja alikuwa amemwuliza swali lililomkosesha raha: “Mwalimu, katika kiini kimoja cha dhahabu mna pioni ngapi?”

Jibu ni kwamba hamna pioni iliyowekwa humo ikingoja kuhesabiwa. Kiini cha dhahabu kina protoni 79 na nyutroni 118, basi. Pioni huonekana pale sehemu ya nishati ya mgongano inapogeuka kuwa chembe, na baada ya muda mfupi mno chembe hiyo huvunjika. Hata hivyo swali la mwanafunzi halikuwa la kijinga. Lilikuwa swali sahihi lililozaliwa na sentensi isiyo sahihi. Mwalimu alikuwa ameandika hivi: “Viini vizito vinapogongana hutoa pioni zilizomo ndani yake.” Mtu akiambiwa kwamba gunia limetoboka likatoa mahindi, ana haki ya kuuliza gunia lilikuwa na mahindi kiasi gani.

Sisi tunaoshughulikia istilahi tumezoea kumaliza vikao vizima tukibishana juu ya nomino: tukope au tubuni, tuandike hivi au vile. Vitenzi huachiwa mfasiri avimalize mwenyewe. Makala haya yanadai kwamba katika jambo hili tumegeuza mambo. Nomino ngeni ikikosewa, madhara yake ni madogo, kwa kuwa msomaji anajua kwamba haijui na atauliza maana yake. Kitenzi kikikosewa hakuna aulizaye, kwa kuwa kila mtu anadhani anakijua.

Tuanze na nomino, na kwa nomino ngeni hapana mahali pafaapo kuliko Ujiji. Richard Burton na John Speke walipofika hapo mwezi wa Februari 1858 waliwakuta wafanyabiashara wa pwani wamekwisha kutangulia, na Kiswahili kimekwisha kuwa lugha ya soko walilokutana Waha, Wavinza, Wamanyema na wengineo. Huko Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Kutoka ufuko huo Kiswahili kilivuka ziwa kikaenea Kongo ya mashariki, kikichukuliwa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuiona bahari. Kila kitu kipya kilichofika kilikuja na jina lake au kilipewa jina papo hapo, na hakuna aliyeitisha kikao. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na neno “reli” likaja nayo. Kwa reli hiyo zilikuja pia sehemu za meli ya Kijerumani iliyoundwa Papenburg, ikafunguliwa, ikatiwa katika maelfu ya masanduku na kuunganishwa upya Kigoma. Iliitwa Graf von Götzen, kwa heshima ya gavana. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na ilipoanza tena kazi mwaka 1927 ikaitwa Liemba, jina ambalo Livingstone aliandika kwamba ndilo la sehemu ya kusini ya ziwa. Mabamba ya chuma ni yale yale; jina ndilo lililogeuka.

Karabai ni kinyume chake, maana hapo jina limebaki na kitu kimegeuka. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika zamani waliwasha moto wa kuni ili kuwavuta samaki usiku. Baadaye zikaja taa. Neno “karabai” linatokana na kabaidi, dawa ambayo ikitiwa maji hufanya gesi iwakayo kwa mwanga mweupe. Lakini karabai ambazo wazee wa Kibirizi na Ujiji walinieleza habari zake hazikuwa na kabaidi hata chembe. Ni taa za mafuta ya taa zinazopigwa pampu. Jina lilihama kutoka taa moja hadi nyingine kwa sababu kazi ilikuwa ile ile na mwanga ulikuwa mweupe vile vile. Hakuna mvuvi aliyepotezwa na jambo hilo.

Nilimweleza mwalimu habari za karabai kwa sababu pioni nayo ina historia kama hiyo. Mwaka 1935 Hideki Yukawa, mwanafizikia wa Japani, alitoa nadharia kwamba nguvu inayozifunga protoni na nyutroni ndani ya kiini huchukuliwa na chembe ambayo ilikuwa haijapata kuonekana, yenye tungamo kiasi cha mara 200 ya elektroni. Miaka miwili baadaye Carl Anderson na Seth Neddermeyer, Wamarekani, walitangaza chembe yenye tungamo la namna hiyo katika mionzi itokayo anga za juu. Ikaitwa mesotroni, kisha kwa kifupi mesoni, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya katikati, kwa kuwa tungamo lake lilikuwa kati ya lile la elektroni na lile la protoni. Kila mtu akaona kwamba Yukawa amethibitishwa.

Haikuwa hivyo. Marcello Conversi, Ettore Pancini na Oreste Piccioni, waliofanya kazi mjini Roma nyakati za vita na baada yake, walionyesha kwamba chembe hiyo hupita karibu na viini bila kuvijali, jambo lisilowezekana kwa chembe inayochukua nguvu ya kiini. Mwaka huo huo wa 1947 Cecil Powell, Giuseppe Occhialini, César Lattes na Hugh Muirhead wa Bristol walichunguza kwa hadubini mabamba ya picha yaliyokuwa yamewekwa juu ya milima, wakaona njia ya chembe moja inayosimama na kuanzisha njia ya nyingine. Aliyeiona ya kwanza alikuwa Marietta Kurz, mmoja wa wanawake walioajiriwa kukaa siku nzima kwenye hadubini. Vitabu vingi humsahau. Kumbe chembe zilikuwa mbili. Ile nzito kidogo, iliyopewa herufi ya Kigiriki pi, ndiyo ya Yukawa; nyepesi, iliyopewa herufi myu, ndiyo ya Anderson. “Pi-mesoni” ikafupishwa kuwa pioni na “myu-mesoni” ikawa myuoni.

Leo myuoni haihesabiwi tena kuwa mesoni, ijapokuwa ndiyo iliyoitwa hivyo kwanza. Aidha zipo mesoni zilizo nzito kuliko protoni, nyingine zaidi ya mara tatu, kwa hiyo hata maana ya katikati imekwisha. Wanafizikia hawakulitupa jina. Walilihamisha kutoka ukubwa wa kitu hadi muundo wake, kama wavuvi walivyolihamisha jina la karabai. Ndiyo maana sioni haja ya kutafuta neno la Kibantu la pioni. Anayetaka kuiita “chembe-kati” atakuwa ametafsiri kosa la mwaka 1937. Tuikope kama ilivyo, tuitie katika ngeli ya chembe na ya taa, tuseme pioni hii na pioni hizi (sio “mapioni”, kama nilivyoona mahali pamoja), na tuendelee na kazi.

Sasa kitenzi. Katika mwaka 1948 pioni zilipatikana kwa mara ya kwanza katika maabara, badala ya kungojewa kutoka mbinguni. Lattes, Mbrazili wa miaka 23, alikuwa amehamia Berkeley katika California, na pamoja na Eugene Gardner alitumia mashine kubwa ya huko ya kuongeza kasi ya chembe. Walirusha viini vya heli vyenye nishati ya elektronivolti milioni 380 vigonge kaboni, wakaweka mabamba ya picha pembeni. Zingatia, msomaji, kwamba huo ulikuwa mgongano wa kiini na kiini. Kwa hiyo habari ya pioni zinazotokana na kugongana kwa viini ndiyo iliyofungua mlango wa pioni za maabara.

Hesabu yake inastahili kusimuliwa, kwa kuwa ndiyo inayoamua kitenzi. Pioni yenye chaji ina tungamo linalolingana na nishati ya elektronivolti milioni 140 hivi, karibu sehemu moja ya saba ya protoni. Protoni moja ikigonga nyingine iliyotulia, yahitaji kuja na milioni 290 hivi ndipo pioni ipatikane, maana sehemu kubwa ya nishati huishia katika mwendo wa vitu vyote viwili baada ya kugongana. Katika mashine ya Berkeley kila chembe ya kiini cha heli ilikuwa na milioni 95 tu. Isingetosha. Ilitosha kwa sababu protoni na nyutroni hazikai kimya ndani ya kiini. Huzunguka huku na huku kwa kasi kubwa, na pale mbili zilipokutana uso kwa uso, mwendo wa ndani uliongezwa juu ya mwendo wa mashine. Pioni ililipiwa kwa mwendo. Haikutolewa ghalani.

Hapa mwalimu alinipinga, na alikuwa na haki. “Lakini Yukawa mwenyewe asema pioni zimo ndani ya kiini, zinapita kati ya protoni na nyutroni. Sasa mbona unanilaumu kwa kusema zimo?” Tulikaa na swali hilo mpaka chai ikapoa. Tulilofikia ni kwamba kupita huko hakulingani na kuwako kwa mahindi ghalani. Hakuna nishati ya kuilipia pioni hiyo tungamo lake ikaenda zake na kuacha alama katika bamba la picha. Ni kama deni ambalo halina budi kurudishwa papo hapo. Mgongano ndio unaoleta fedha taslimu.

Kosa lake, hata hivyo, si geni. Katika miaka ya 1920 wanafizikia wakubwa wa dunia waliamini kwamba elektroni zimo ndani ya kiini, kwa sababu moja iliyoonekana dhahiri: viini vya baadhi ya elementi zilionekana zikizitoa. Kitokacho ndani, walifikiri, lazima kilikuwamo ndani. Kiini cha nitrojeni kiliwatesa sana, kwani hesabu zake zilikataa. Ni baada ya James Chadwick kugundua nyutroni mwaka 1932, na Enrico Fermi kuandika nadharia yake iliyochapishwa mwaka 1934, ndipo ilipokubaliwa kwamba elektroni hiyo huzaliwa wakati ule ule inapotoka. Lugha zao za Ulaya zilikuwa na kitenzi kama “kutoa”, nacho kiliwapoteza kwa zaidi ya miaka 10. Mwanafunzi wa Ujiji amepotezwa kwa siku chache tu.

Basi tutumie kitenzi gani? Kigoma ni mahali pazuri pa kuulizia, kwa maana mkoa huo una njia nyingi za kupata kitu kutokana na kitu, na kila moja ina kitenzi chake. Mawese hukamuliwa: chikichi huchemshwa, hutwangwa, na mafuta yaliyokuwa ndani ya nyama ya tunda hutoka. Chumvi ya Uvinza hupikwa: maji ya chemchemi za chumvi huchemshwa mpaka yakauke, na chumvi iliyokuwa imeyeyuka ndani yake hubaki. Dagaa huvutwa na karabai kisha huvuliwa, na hakuna adhaniye kwamba taa ndiyo iliyowafanya. Katika yote matatu kitu kilikuwapo kabla ya kazi kuanza. Pioni haimo katika kundi hili.

Mzee mmoja aliyekuwa akitusikiliza alisema habari ya gumegume, jiwe lililowashia baruti katika bunduki za zamani. Jiwe likigongwa kwa chuma, cheche huzuka. Nilifurahi mno, nikadhani tumemaliza. Mwalimu akanisahihisha: cheche ni kipande kidogo cha chuma chenyewe kilichokwanguliwa kikawaka, kwa hiyo kilikuwamo. Kweli. Lakini mwanga wake haukuwamo, wala katika jiwe wala katika chuma. Ulipatikana kwa nguvu ya pigo na kuungua kwa kile kipande. Kwa kadiri mfano unavyoweza kwenda, mwanga wa cheche ndio ndugu wa pioni, na kitenzi chake ni kuzuka.

Mwenzangu mmoja ofisini, niliporudi, alinikumbusha kwamba mti hutoa matunda na moto hutoa moshi, na hakuna adhaniye kwamba matunda yalikuwa yamefichwa katika shina. Ni kweli, na sitaki kukifukuza kitenzi “kutoa” katika Kiswahili cha sayansi. Ninachosema ni kwamba tukiwa na vitenzi viwili tuvigawie kazi. Urani inapopoteza kipande cha kiini chake, protoni mbili na nyutroni mbili kwa pamoja, tuseme urani imetoa kipande hicho, maana protoni na nyutroni hizo zilikuwa zake. Pioni ikipatikana kwa mgongano, tuseme imezuka. Msomaji atakayeona vitenzi viwili katika ukurasa mmoja atajua kwamba kuna mambo mawili.

Kwa anwani ya makala au ya sura ya kitabu, pana neno “uzalishaji”, nalo limekwisha kutumika. Silipendi sana lakini silikatai. Kuzalisha ilikuwa kwanza kazi ya mkunga. Kisha, hasa katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la 1967, “uzalishaji mali” ukaenea katika hotuba na magazeti hata mkunga akasahaulika. Neno lililokwisha kutoka uzazini likaingia kiwandani laweza pia kuingia maabara. “Uzukaji” ungekuwa sahihi zaidi, ila uko karibu mno na mzuka na uzushi, na sidhani kuna mwanasayansi atakayekubali kazi yake iitwe kwa jina linalonukia hivyo. Basi anwani iseme uzalishaji, na sentensi ziseme kuzuka.

Yako maneno mengine matatu katika karatasi za mwalimu yaliyohitaji kuangaliwa. La kwanza ni “chaji”. Katika miaka ya 1980 neno hilo lilikuwa la fundi umeme na mwalimu wa fizikia. Leo ni la kila mtu mwenye simu, na lina maana ya akiba inayopungua na kujazwa tena. Mwanafunzi akisoma “pioni zenye chaji” anaelekea kufikiri kwamba zipo zilizoishiwa. Pioni huja kwa namna tatu: yenye chaji chanya, yenye chaji hasi, na isiyo na chaji. Chaji hiyo ni sawa na ile ya protoni au ya elektroni, haipungui wala haiongezwi maadamu pioni iko. Kulibadili neno sasa haiwezekani. Sentensi moja ya kuonya, mwanzoni mwa sura, yatosha.

La pili ni “ioni nzito”, istilahi ya wataalamu kwa kiini kizito kilichovuliwa elektroni zake na kurushwa kwa mashine. Haina kosa, ila tahajia yetu imeileta karibu mno na “pioni”. Zikisimama katika sentensi moja, msomaji atadhani pioni ni ioni ndogo ya aina fulani, kumbe hazina undugu ila wa mwisho wa neno. Napendekeza “viini vizito” popote pasipo lazima ya kutaja ioni.

La tatu lilinichekesha, kisha likanihuzunisha. Ni neno “nyuklia”. Kwa nusu karne magazeti yamelitumia kwa silaha, na vitabu vya shule vimetumia “kiini” kwa jambo lile lile linapokuwa la amani. Nilipata kuletewa rasimu kutoka ofisi moja ambamo anwani kuhusu migongano ya viini vizito ilitafsiriwa “mapigano makali ya nyuklia”. Rasimu ilikuwa imepita mikononi mwa watu wanne, na wote walitia sahihi. Taasisi zetu zenyewe zinaonyesha jinsi majina ya elimu hii yanavyobadilika: chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1983 kiliitwa Tume ya Taifa ya Mionzi, na kilichokirithi kwa sheria ya mwaka 2003 kinaitwa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Mtumishi wa serikali anayefasiri barua ya chombo kama hicho hana budi kujua kwamba kiini, atomu, nyuklia na mionzi ni vitu vinne.

Umuhimu wa chaji huonekana tunapotazama yaliyofuata Berkeley. Mwaka 1974 mashine mbili za huko ziliunganishwa, na ikawezekana kurusha viini vizito kwa nishati kubwa. Kabla mashine hiyo haijafungwa mwaka 1993 ilikuwa imerusha hata viini vya urani. Viini viwili vikigongana hivyo, maada yao husongwa kuliko ilivyo katika kiini cha kawaida. Wanafizikia walihesabu pioni zilizozuka ili wakadirie nishati iliyoingia katika msongo huo. Nyutroni mbili zikigongana zaweza kuwa nyutroni moja na protoni moja, pamoja na pioni hasi, maana jumla ya chaji haina budi kubaki sifuri. Protoni mbili, kwa kanuni hiyo hiyo, huleta pioni chanya. Kwa hiyo viini vyenye nyutroni nyingi huzusha pioni hasi nyingi kuliko chanya, na uwiano wa aina hizo mbili hudokeza hali ya nyutroni zilizosongwa. Watafiti katika kituo cha RIKEN, Japani, waligonganisha viini vya bati vyenye idadi mbalimbali za nyutroni, na mwaka 2021 wakachapisha hesabu za namna hiyo, kwa nia ya kuelewa nyota ambazo karibu zote ni nyutroni. Mfasiri akiangusha maneno “hasi” na “chanya” kwa kuona ni mapambo, ameangusha jambo lenyewe.

Wanafunzi walitaka kujua kama kitu hicho kimewahi kutokea karibu na kwao. Hutokea juu ya vichwa vyao. Mwaka 1948, mwaka ule wa Gardner na Lattes, watafiti wa Marekani, Phyllis Freier akiwa mmoja wao, walirusha mabamba ya picha kwa puto wakagundua kwamba mionzi itokayo anga za juu ina viini vizito pia. Viini hivyo, hata vya chuma, hugonga nitrojeni na oksijeni kilomita nyingi juu ya ziwa, na pioni huzuka. Pioni yenye chaji ikitulia huishi kwa wastani wa sekunde moja iliyogawanywa mara milioni 38. Halafu huwa myuoni. Myuoni huishi muda mrefu zaidi na huenda karibu kwa kasi ya mwanga, hata nyingi hufika chini. Usawa wa bahari hupita kama moja kila dakika katika eneo la ukucha wa kidole gumba. Zinampitia mvuvi na karabai yake, zinaingia majini.

Migongano hiyo hiyo ya juu huzirusha pia nyutroni, ambazo zikiingia katika nitrojeni huifanya kaboni-14. Mti huinywa pamoja na hewa, na mti ukikatwa huanza kuipoteza, nusu yake kila miaka 5,730 hivi. John Sutton na Andrew Roberts walipochimba kwenye chemchemi za Uvinza katika miaka ya 1960, mkaa wa mafiga ya kale ya wapika chumvi ndio uliowapa tarehe, nazo zilirudi hadi milenia ya kwanza B.K. Tunajua umri wa chumvi ya Uvinza kwa sababu viini viligongana juu ya Uvinza. Mwalimu aliandika jambo hili pembezoni mwa karatasi yake kwa wino mwekundu.

Tulimaliza kwa kuirekebisha ile sentensi. Sasa inasema: “Viini vizito vinapogongana kwa nishati ya kutosha, pioni huzuka, hazikuwamo kabla ya mgongano.” Lakini palibaki jambo moja ambalo sikuweza kumpa jibu, nami nalileta kwa wasomaji. Mara nyingi pioni haizuki moja kwa moja. Kwanza protoni au nyutroni iliyogongwa hugeuka kwa kitambo kisichopimika kwa saa kuwa chembe iitwayo delta, nayo ndiyo inayovunjika ikaleta pioni. Wanafunzi wa Kigoma wanaijua delta. Ni pale Mto Malagarasi unapoingia ziwani, kusini ya mji, na wameichora katika jiografia tangu shule ya msingi. Delta ya mto na delta ya fizikia zote zimepewa jina la herufi moja ya Kigiriki, ya mto kwa sababu ya umbo lake la pembetatu, ya fizikia kwa kuwa herufi tu. Je, tuandike “chembe ya delta” kila mara, au tuiache “delta” peke yake na kumwamini mwalimu? Maoni yatakayoletwa kwa mhariri kabla ya kikao kijacho cha kamati yatasomwa kikaoni.